Shangazi, kitabu kilichowapagawisha mashoga zangu mimi kimenilaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mama wa watoto wawili, umri wangu ni miaka 36. Nimeolewa na mtu tunayeelewana vizuri, ana duka la vifaa vya ujenzi huku Kisauni. Barua nyingi ninazozisoma kwako ni za waume na mawifi. Yangu ni ya kitabu, ingawa mume na wifi nao wameshaingia ndani yake.

Tuna chama chetu cha kuwekeana pesa, tuko kina mama wanane. Mmoja akaleta shauri kwamba tusiwe tunakutana kuhesabu hela na kula mahamri tu, tusome na kitabu tukizungumze. Nilifurahi kuliko wote. Mimi ni msomaji tangu shule ya bweni, enzi zile za riwaya ndogo ndogo za mapenzi zinazosomwa kwa tochi chini ya blanketi na kupokezanwa mpaka jalada likang'oka. Wakakubaliana tuanze na Fifty Shades of Grey. Najua si kipya, lakini kilipovuma wengine tulikuwa na watoto wachanga na wengine hatukuthubutu kuonekana nacho. Basi mmoja akalitupia faili kundini kwenye WhatsApp na kuanzia hapo simu haikupumzika. Emoji za moto, emoji za jasho, "jamani nimefika sura ya nane", "leo Baba Fulani atanitambua".

Nikangoja watoto walale, nikaanza. Shangazi, nilijitahidi. Msichana anajikwaa mlangoni mwa ofisi ya tajiri, anaanguka kwa magoti, akiinuka ameshapenda. Kila ukurasa anauma mdomo, na kila akiuma mdomo yule bwana wazimu unampanda. Nikafika mahali nikamwonea huruma huyo mtoto, nikawaza mdomo wake hauna vidonda kweli? Halafu kichwani mwake kuna kijimungu cha kike kinachocheza dansi kila akifurahi. Mara ya kwanza nilitabasamu. Kilipoendelea kurudi nilitamani kikae chini.

Kuna pale tajiri anapomfuata msichana kwenye duka la vifaa anakofanya kazi, ananunua kamba, tepu ya mafundi rangi na vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya. Wenzangu wanasema hapo ndipo pumzi zilipoanza kuwakatika. Mimi mke wa mwenye duka nikawa nawaza amepimiwa mita ngapi na kama amepewa risiti.

Na nilipofika kwenye mambo yenyewe nikasinzia. Sikutanii. Simu iliniangukia usoni, mume wangu akaiokota, akasoma kidogo, akacheka. Kesho yake wakati wa kutoka akaniuliza, "Jioni nirudi na kamba?" Nikamwambia aache upuuzi. Tangu siku hiyo kuna kaukimya fulani ndani ya nyumba, si ugomvi, basi tu.

Kundini nilipoandika kwamba mimi sijakipenda, mmoja akajibu, "Mwenzetu baridi huyo." Mwingine akasema ukiona kitabu kama hicho hakikupandishi, ujue ndoa imekufa zamani, hujazika tu. Waliweka vicheko, lakini neno liliniingia. Nimekuwa nikijitazama.

Tena wifi yangu, dada wa mume wangu, ana miaka 23 na yuko nasi chamani. Ana mchumba anayetaka kujua alipo kila saa, amemwekea kwenye simu ramani ya kumfuatilia, na siku hizi anamchagulia hata marafiki. Nilipomsemesha akanijibu, "Wifi, kwani hujasoma kitabu? Ndivyo anavyokuwa mwanamume aliyependa kweli."

Kikao kijacho ni kwangu. Naomba uniambie: nina kasoro? Siku hiyo niseme ninavyoona au nimwage chai ninyamaze? Na je, niendelee na kitabu cha pili na cha tatu, maana wananiambia utamu uko mbele?

Mke wa Mwenye Duka, Mombasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye risiti nimecheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakaja kuniuliza kulikoni.

La kwanza nalimaliza upesi: huna kasoro. Kuna wanawake wenye raha zao kamili nyumbani kwao ambao wakikutana na sentensi mbovu kila kitu kinazimika, na wewe ni mmoja wao. Wala hamko wachache. Mwaka 2012 kampuni moja kubwa ya hoteli za bei nafuu huko Uingereza ilipotaja vitabu vinavyosahauliwa zaidi vyumbani na wageni, hiki ndicho kilichoongoza. Mwaka 2016 duka la hisani la Oxfam mjini Swansea, Wales, liliwaomba watu jamani wasilete tena nakala za Fifty Shades. Zilikuwa zimefurika hata wafanyakazi wakazipanga kama matofali, wakajenga ngome ofisini na kuipiga picha. Kununua walinunua, tena kwa mamilioni. Wangapi walitaka kuendelea kukaa nacho ni hesabu nyingine.

Kule kujirudia kulikokuchosha kuna asili yake. Mwandishi wake, E. L. James, ni mama wa London aliyekuwa akifanya kazi kwenye televisheni, na hadithi hii hakuianza kama kitabu. Aliianza kama hadithi ya shabiki iliyotungwa juu ya Twilight, zile riwaya za Stephenie Meyer za msichana na mnyonya damu. Akawa anaitoa mtandaoni kipande kwa kipande, kwa jina la kujipachika la Snowqueens Icedragon, na wasomaji wakawa wanangoja kipande kinachofuata. Sasa aliyengoja siku kadhaa hachukii kukumbushwa kwamba mdomo umeumwa tena. Kwake ni kama kupokewa mlangoni. Wewe uliyevimeza vipande vyote mfululizo ndiye unayeona vimerundikana. Baadaye majina yakabadilishwa: Bella akawa Anastasia, Edward akawa Christian Grey, na mnyonya damu akageuka bilionea wa Seattle wa miaka 27 mwenye helikopta yake. Mwaka 2011 mchapishaji mdogo wa Australia akakitoa, na 2012 kikachukuliwa na Vintage, tawi la Random House. Krismasi ya mwaka huo Random House ya Marekani iliwapa wafanyakazi wake bonasi ya dola 5,000 kila mmoja. Kufikia 2014 vitabu vyote vitatu vilikuwa vimeuza zaidi ya nakala milioni 100.

Mimi mwenyewe nilipojua habari hiyo ya mnyonya damu ndipo Grey alipoanza kunielea. Mtu wa miaka 27 anaongea kama mzee wa baraza. Anajua msichana alipo bila kuambiwa. Anamwonya akae mbali naye, huku yeye ndiye anayemfuata. Zimwi la hadithini lina ruhusa ya kufanya yote hayo, tena tunasisimka kwa sababu tunajua ni zimwi. Mwandishi aliling'oa meno, tabia akaiacha vile vile. Kumbuka hilo, nitalirudia nikifika kwa wifi yako.

Wenzako nao usiwadharau. Wengi waliokisoma huko Ulaya na Marekani walianza kukisoma kwenye vifaa vya kielektroniki, ambako jalada halionekani na jirani kwenye treni hajui unasoma nini. Ninyi mna faili kwenye simu, ni yale yale. Na kwetu Kenya filamu yake ilipotoka Februari 2015, bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku, na unajua mwenyewe watu wakishaambiwa kitu hakitazamwi. Nadhani mashoga zako wamefurahia zaidi kupata nafasi ya kusema. Wanawake wanane wanaojuana mpaka madeni, ni lini kabla ya faili hilo waliwahi kuambiana habari za vyumbani mwao? Hicho kitabu kimewapa, hata kama kimeandikwa kwa mkono wa kushoto.

Lakini kuna na jambo la kwetu ambalo nadhani ndilo lililokulaza. Wewe ni mtoto wa Mombasa. Umekulia kwenye taarabu, mwimbaji anataja ua, anataja embe, anataja chombo kinachotia nanga, na ukumbi mzima unajua kinachosemwa na hakuna aliyekitaja. Umewaona mama zako wakichagua leso kwa maandishi yake, wakifukiza nguo udi tangu alasiri, wakitunga asumini jioni kwa sababu usiku ndipo zinapofunguka. Sikio lililolelewa hivyo limezoea kuachiwa kazi ya kumalizia. Bi James hakuachii kitu. Kila kiungo kimetajwa, kila hatua imeelezwa, kisha Ana anakuambia ameonaje, kisha kile kijimungu kinakupigia makofi. Utabaki na kazi gani zaidi ya kusinzia?

Haya, kwa mumeo sasa, maana mstari ulioupita mbio ndio niliokaa juu yake.

Mwanamume akiuliza jambo kama lile kwa mzaha, anajiwekea mlango wa kutokea usipomkubalia. Wewe ulikataa kamba, na ni haki yako. Ila jinsi ulivyojibu, yeye huenda alisikia kwamba kuuliza kwenyewe ni upuuzi. Kaukimya kako kamezaliwa hapo, sidhani kama kana jambo kubwa zaidi.

Katika kitabu kizima kuna mahali pamoja nilipopapenda, na ni pale ambapo wengi hupaparuka: ule mkataba. Grey anamletea Ana kurasa za masharti. Vyakula anavyoruhusiwa, saa za kulala, mazoezi, na chumbani kifanyike nini na nini. Mengi yanaudhi, tena yameandikwa na upande mmoja. Lakini msichana anakaa nayo moja moja: hili sawa, hili hapana, hili usilitaje tena. Mazoezi ya mara nne kwa wiki anayavutana nayo kama mtu wa soko la Kongowea mpaka yakawa matatu. Na mkataba wenyewe hausaini. Mwanangu, sisi huku tumefundwa na masomo na makungwi, na tangu 1858 tunao utenzi wa Mwana Kupona akimuusia bintiye namna ya kumridhisha mume, kumpepea, kumtuliza. Ni utenzi mtamu, nimeukariri. Binti yule hakuulizwa naye anataka nini. Ndiyo maana nikifika kwenye ile orodha, pamoja na ubovu wake wote, nakaa wima.

Basi jioni moja, duka limefungwa, hesabu imekwisha, watoto wamelala, mwambie: kitabu kilinichosha, swali lako halikunichosha. Kisha kila mmoja ataje kitu kimoja anachokitamani na kimoja asichokitaka kabisa. Anza wewe, kwa sababu yeye alishaanza akakatwa. Kama kamba kwako iko kwenye "kabisa", imekwisha hapo, na hana ruhusa ya kununa. Kama haiko, hayo ni yenu wawili, mimi simo.

Kwa wifi yako siwezi kucheka.

Muulize kwanza amefika wapi katika kitabu. Wengi wanaomtaja Grey kama mfano wa mapenzi ya kweli ni watu wa katikati ya kitabu. Yule bwana anaitafuta simu ya msichana mpaka anamkuta baa. Anauza gari la zamani la msichana na kumletea jipya. Anamhesabia matonge. Msichana akienda Georgia kumtembelea mamake apate kupumua na kufikiri, yeye huyo anatokea huko huko. Na mwisho wa kitabu cha kwanza anamchapa mkanda mara sita. Msichana anahesabu kwa kilio, anainuka, anamwambia maneno yake, anaondoka. Yaani hata mwandishi aliyempamba kwa helikopta na piano aliona ni lazima msichana atoke mlangoni.

Na kuna watu ambao michezo ya namna hiyo ni sehemu ya maisha yao, wanaifanya kwa kupatana. Wengi wao ndio waliokilalamikia kitabu hiki kwa sauti kubwa. Kwao msingi ni kwamba wote wawili wamekubali, na kuna neno la kusimamisha ambalo likitamkwa kila kitu kinakoma pale pale. Kumfuatilia mtu kwenye ramani, kumtenga na marafiki, kumwamulia mambo yake mchana kweupe, hayo hawayatambui kuwa mchezo.

Usimwambie mchumba wake ni mbaya, atatumia nguvu zake zote kumtetea. Muulize swali moja tu mkiwa peke yenu: ukitaka kuizima hiyo ramani leo, unaogopa? Akisema haogopi, mwache alifikirie, atarudi mwenyewe. Akinyamaza, au akisema anaogopa, asiizime peke yake wala asikabiliane na kijana huyo peke yake. Mhusishe mumeo, ni dada yake. Tena ajue kuna laini ya 1195, hupigwa bure na hushughulikia mambo ya ukatili wa kijinsia. Nambari akae nayo kichwani, si kwenye simu ambayo mwenzake anaipekua.

Kikao chako usikiogope. Hapo hapo kundini, kabla ya siku yenyewe, waambie kila mtu aje na ukurasa mmoja alioupenda kuliko yote, na atausoma kwa sauti mbele ya wenzake. Huna haja ya kutoa hukumu yoyote. Ukurasa utakaostahimili kusomwa na mama mtu mzima huku mbaazi zinapita, huo ni mzuri na uukubali kwa moyo mweupe. Mingine itaanguka yenyewe, na mtacheka pamoja, na anayecheka hana nafasi ya kumwita mwenzake baridi. Zamu yako ikifika, soma pale dukani. Wape na bei ya jumla ya ile tepu.

Aliyeandika kwamba ndoa yako imekufa usimjibu kundini. Ukimpata jikoni mwambie tu, shoga, lile neno liliniuma. Kama ni shoga kweli litamtosha.

Wakikuuliza kitabu cha zamu ijayo, pendekeza Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa mwanamume mzee, anamkimbia, anampenda Denge, kijana anayesakwa na serikali ya mkoloni. Kuna tamaa humo, kuna hofu ya mlango kugongwa usiku, na kuna mambo ambayo Shafi anajua kuyaacha bila kuyasema. Filamu yake ipo pia, ya 2021, kwa wale wa chamani wasiomaliza vitabu. Najua wapo.

Umeuliza kama uendelee na cha pili na cha tatu. Usijisumbue, nimekusomea. Wanarudiana baada ya siku chache tu, wanaoana, wanazaa, na mdomo unaendelea kuumwa. Kipo na cha nne, cha mwaka 2015, nacho ni hadithi ile ile ikisimuliwa na Grey mwenyewe. Hicho mpe mumeo siku akikosa usingizi.